Chupa ya Kumi na Saba: Kutoka Miyuji Hadi Chini ya Bahari

Wapendwa wa kwaya, wa maabara na majirani zangu wa Miyuji, nimechoka kusimulia kwa vipande. Kila mmoja wenu amepata kipande chake, na naona vipande vimeanza kuzaliana. Juzi dukani nimeambiwa kwamba nilizama Kilwa nikaokolewa na pomboo! Sikuzama. Pomboo niliwaona kwa mbali tu, wakiruka wakienda na shughuli zao. Kilichotokea hasa ni kikubwa kuliko hicho, na nimeamua kukiandika chote, mwanzo mpaka mwisho, kabla hakijageuzwa kingine.

Mnaijua kazi yangu. Miaka kumi na tisa napima maji ya visima vya huku kwetu. Nipe glasi ya maji, nitakwambia kama yametoka Bahi, Chamwino au nyuma ya nyumba yako, maana kila kisima kina chumvi yake na tabia yake. Lakini bahari sikuwahi kuiona. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mtaalamu wa maabara wa mradi mmoja wa kupima maji ya bahari huko Kilwa yuko likizo ya uzazi, na wanatafuta mtu wa kushika nafasi yake kwa wiki mbili, nilisema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi. Barua na mihuri nawaachia wenyewe. Tuanzie pale gari lilipowashwa.

Miyuji hadi Gairo

Dereva wa mradi alikuwa Mzee Hamisi, Mrangi wa Kondoa, mtu mzima mwenye kofia safi na maneno mengi. Alifika kwangu alfajiri, tukapakia mikasha ya chupa tupu nilizokuwa nimeziosha wiki nzima na kuzisuuza kwa maji ya betri, yaani yale yasiyo na chumvi hata chembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Chupa zote hizi, tunakwenda kurina asali?"

"Ni za kuchukulia maji ya bahari."

"Ya kuchukua ya nini? Si yapo tu?"

Tulicheka, tukaondoka. Tulipokaribia Kongwa akaniomba tuchepuke Mlali, akamsalimie shemeji yake. Dakika kumi tu, alisema. Dakika kumi za Mlali zilikwisha saa nane mchana. Kwanza zilikuja salamu, halafu habari za ukoo mzima, halafu kuku akakimbizwa uani, na kuku akishakimbizwa mgeni haondoki. Siwezi kusema niliumia. Ugali wa uwele, mlenda wa moto na kuku wa kienyeji, nani anakataa?

Wakati sisi tunanawa mikono, mke wa shemeji, mama mkarimu kupita kiasi, alikwenda kwenye gari akaona chupa zinang'aa, tupu, na vifuniko vyake. Pale kwao wanakamua alizeti. Mama akajiambia, hawa wageni wana aibu, wameleta vyombo lakini wanashindwa kuomba. Nilipotoka nje nikamkuta amekwisha kujaza chupa ishirini na mbili mafuta ya alizeti, ya siku ileile, ya rangi ya dhahabu.

"Msiende Pwani mikono mitupu, mwanangu," akaniambia, uso umejaa furaha.

Mlitaka nifanye nini? Nilimshukuru kwa mikono miwili. Mzee Hamisi alipoona uso wangu akajua, akaendesha moja kwa moja hadi Gairo. Hapo tulitafuta nyumba ya wageni, tukahamishia mafuta kwenye dumu, nami nikaosha chupa ishirini na mbili kwa maji ya moto na sabuni, nikazisuuza tena na tena kwa maji ya betri, yeye akinipokea na kupanga, akisema kila baada ya chupa mbili, "Nisamehe, binti yangu."

Gairo hadi Kilwa

Siku ya pili tulishuka Morogoro, tukakatiza kuelekea Mkuranga na kulala Kibiti. Hewa ilibadilika. Huku kwetu ukianika kanga inakauka ukigeuka. Kule nilifua leso jioni, asubuhi ilikuwa na maji vilevile. Siku ya tatu tulivuka Rufiji, nikamwomba Mzee Hamisi asimamishe gari baada ya daraja ili niutazame mto. Mto mnene, wa rangi ya udongo. Nikawaza kwamba maji ya milima ya Kibakwe na Mpwapwa nayo hujiunga na mito inayoishia humo humo, yakibeba chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye mawe yetu, yakienda kuimimina baharini. Jua linarudisha maji mawinguni, chumvi inabaki. Nilikuwa nayasoma haya vitabuni. Pale darajani nilijiona kama mtu anayefuata mzigo uliotangulia kutoka kwao.

Mbele kidogo barabara ilikuwa inatengenezwa, tukakaa kwenye foleni kwa muda wa saa tatu. Watu walishuka, wakajuana. Mama mmoja aliyekuwa anauza chakula cha foleni alinipa kipande cha nyama nyekundu kwenye mshikaki, laini nje, kikakamavu ndani. Nikala vitatu.

"Nyama gani hii, mama? Tamu kweli."

"Pweza."

"Ndiyo mnyama gani? Ana miguu mingapi?"

"Minane."

Nilitafuna taratibu zaidi, lakini sikuacha.

Kilwa Masoko tuliingia alasiri. Barabara ilinyooka kuelekea bandarini, na mwisho wake, badala ya mlima au vumbi, kulikuwa na bluu. Nilidhani ni anga limeshuka. Mzee Hamisi, ambaye ameshaiona mara nyingi, alizima gari akasema, "Haya, mwenyewe huyo."

Jamani, nilikimbia. Mtu mzima, na gauni langu, nilikimbia hadi kwenye ngazi za gati nikachota kwa kiganja nikaonja. Nilikohoa hadi machozi. Kisha nikatoa mkobani kipimo changu kidogo cha mfukoni, kile ninachokwenda nacho kwenye visima, nikakitumbukiza. Kilionyesha moja peke yake, pembeni kabisa ya kioo. Maana yake ni kwamba chumvi imezidi uwezo wake. Miaka yote hiyo kipimo kile hakijawahi kushindwa. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu, na wachukuzi wa bandarini wakaniacha.

Kilwa hadi ukingoni

Boti yetu ilikuwa ndogo, imara, na ilinuka dizeli. Nahodha Bakari aliiendesha akiwa peku. Saidi, kijana wa miaka thelathini hivi, ndiye mzamiaji. Mkuu wa kazi alikuwa Dakta Fadhili, mtaalamu wa bahari, mdogo kwangu kwa umri, mpole wa maneno lakini mkali wa kazi. Nilimweleza ukweli kuhusu mafuta ya alizeti siku ileile. Alinisikiliza, akaandika kwenye daftari lake, "chupa 22, zimeoshwa upya," akapiga mstari chini yake. Mstari ule sikuupenda.

Asubuhi ya kwanza nilitapika. Ya pili pia. Nahodha alinipa tangawizi mbichi nitafune, akaniambia nitazame mstari wa mbali pale mbingu zinapokutana na maji, nisitazame chupa zangu. Siku ya tatu tumbo likakubali, na ndipo macho yangu yalipofunguka.

Kuna mashine pale kando ya usukani inayotuma mlio chini, mlio unagonga sakafu ya bahari na kurudi, na kwa muda uliotumika mashine inachora umbo la chini. Dakta aliniita niitazame. Kwa saa nzima mchoro ulikuwa karibu tambarare, na vilima vidogo hapa na pale.

"Hapa bado tuko juu ya bara, Dada Yudithi," alisema. "Hii ni Tanganyika ileile, ila imefunikwa na maji. Sasa subiri."

Mstari ukaanza kuinama. Ukainama zaidi. Kisha ukaporomoka, ukaenda chini na chini mpaka ukatoka kwenye kioo, na Dakta akawa anabadilisha kipimo na bado hautoshi. Nilishika ukingo wa meza. Mmeshasimama Kilimatinde mkatazama bonde la Bahi lilivyo chini kule? Ndivyo, ila bonde lenyewe limejaa maji mpaka juu, na sisi tunaelea pale angani palipokuwa pa ndege. Nikawaita wote waje waone. Walikuja kwa heshima tu, maana wanaliona kila mwezi, lakini nadhani furaha yangu iliwaambukiza, kwa sababu nahodha alizungusha boti tukapita tena juu ya ukingo ule ili nitazame mara ya pili.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Tulishusha kwa kamba chupa kubwa ya kuchukulia maji ya kina, iliyo wazi juu na chini. Ikifika inapotakiwa unaachia kipande cha chuma kiteremke kwenye kamba, kinagonga, chupa inafunga mdomo. Tunaivuta, namimina kwenye chupa zangu, naandika namba. Usiku hata nzi hakulala kwa jinsi nilivyokuwa napanga na kupangua hizo namba! Na matokeo yake yalinishangaza. Huku kwetu, nimesema, kila kisima kina mchanganyiko wake: hiki kimezidi salfeti, kile kloridi, kingine kalisi, yale madini ya chokaa. Baharini, kila lita ya maji ina chumvi kama gramu thelathini na tano, na mchanganyiko wake ni uleule. Mvua inyeshe, jua liwake, chumvi yote itapungua au kuongezeka pamoja, lakini uwiano wa hii kwa ile haubadiliki. Kwa kila sehemu mia za kloridi, kalisi ni kama mbili. Uchote Kilwa, uchote Bara Hindi, ni mbili.

"Kwa nini?" nilimuuliza Dakta.

"Kwa sababu imekorogwa kwa muda mrefu sana," akajibu. Jibu fupi, na nimelifikiria kila siku tangu hapo.

Kwenye miamba ya kisiwani

Tulihamia kwenye kisiwa kimoja kidogo upande wa kusini. Sitakitaja jina, wenyewe wameniomba wasije wakajaziwa wageni. Kimezungukwa na miamba ya matumbawe, na maji yakipwa wanawake hutoka na fimbo kutafuta pweza kwenye mashimo. Mmoja wao, Bi Somoe, mwanamke wa makamo ya juu mwenye mikono yenye nguvu kuliko ya Saidi, alinishika mkono akanitembeza juu ya mwamba maji yakiwa magotini.

"Usikanyage hayo," akaniambia. "Yanaishi."

Nilijua kwa kusoma kwamba tumbawe ni mnyama, kadudu laini kanakojijengea nyumba ya chokaa kwa kalisi ya maji ya bahari. Lakini nilipoinama na kuwaona kwa maelfu, wa rangi ya haradali, ya zambarau, wengine kama ubongo wa mbuzi, wengine kama pembe za swala, nikawa nakanyaga kwa ncha za vidole. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya zamani yaliyokufa. Watu wale wanaishi juu ya mifupa ya wajenzi hawa wadogo, na wanapanda mihogo juu yake.

Tulipofika kwenye kona moja ambapo mwamba unakatika na maji yanakuwa pima mbili kwenda chini, kama vimo viwili vya mtu, Bi Somoe alinyoosha fimbo.

"Pale chini pana maji baridi."

"Ahaa," nikasema. Nikamwita Saidi alete mtumbwi, tukapima joto la pale chini. Lilikuwa chini kidogo tu, si la kushangaza. Nikamwambia, "Si baridi sana, Bi Somoe." Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kwa kuwa tulikuwa tumefika, nikachukua na maji ya pale chini. Hiyo ndiyo chupa ya kumi na saba.

Jioni, boti ikiwa imetia nanga, nilipima chumvi za chupa zote za siku ile. Ya kumi na saba ilikuwa na nusu ya chumvi ya bahari.

Nusu! Nilirudia. Nusu. Nikaenda kwa Dakta, yeye akafungua daftari lake, akaenda moja kwa moja kwenye ule mstari.

"Namba kumi na saba ni moja ya zile za alizeti?"

"Ndiyo."

"Uliisuuza kwa maji ya betri?"

"Ndiyo, lakini niliyamwaga yote."

"Dada Yudithi, ulikuwa unatapika siku mbili. Inawezekana ilibaki nusu. Tena fikiria: maji yasiyo na chumvi ni mepesi, yanaelea juu. Yatakaaje chini ya pima mbili? Tuifute hiyo namba."

Hakusema kwa dharau. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana alisema kama mtu anayenihurumia. Boti ilikuwa iondoke asubuhi, mafuta yalikuwa yanatosha kurudi Kilwa tu. Nilikwenda kukaa nyuma ya boti nikihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na tisa, na sasa nitarudi Dodoma nikiwa yule mama wa visima aliyechafua takwimu za bahari kwa mafuta ya alizeti.

Kibarazani kwa Bi Somoe

Kulipokucha nilimwomba nahodha anishushe nikamuage Bi Somoe. Nilimkuta anachota maji kisimani kwake. Alinikaribisha chai, nikainywa, nikamtazama.

"Ina chumvi," nikasema.

"Kisima kimeharibika. Kila mwaka tunakichimba chini zaidi, kila mwaka kinazidi. Mama yangu alikuwa akiteka kule kule nilikokuonyesha, wakati wa bamvua, bahari ikipwa kabisa. Anapiga mbizi na kibuyu kimezibwa, anakizibua chini, anakijaza, anapanda. Nikakwambia pana maji baridi, ukaingia kupima joto!"

Nikaweka kikombe chini. Kwetu maji baridi ni ya friji. Kwao maji baridi ni maji matamu, yasiyo ya chumvi. Kanionyesha chemchemi, mimi nikatumbukiza kipimajoto!

Nilikimbia ufukweni nikipunga kanga hadi Saidi akaja, nikamwambia alete mkasha wangu wa dawa na chupa ya kumi na saba, na amlete Dakta. Kibarazani kwa Bi Somoe palikuwa pametulia, hapachezichezi kama boti. Nikafunga bureti, lile bomba la kioo la kudondoshea dawa, kwenye nguzo kwa ukindu. Dakta alipofika, na nusu ya kijiji nyuma yake, nilikuwa tayari.

"Dakta, unasema ni maji ya betri yaliyobaki. Sawa. Maji ya betri hayana chochote. Yakichanganywa na bahari, kloridi itapungua nusu, na kalisi itapungua nusu. Uwiano utabaki mbili kwa mia. Ni wewe uliyenifundisha. Lakini kama haya maji yamepita kwenye chokaa ya kisiwa hiki, yatakuja na kalisi yake."

Akakaa kwenye mkeka. "Pima," akasema.

Nikapima kloridi kwanza. Matone yanashuka, maji ya manjano kwenye glasi, mpaka tone moja likaleta rangi ya tofali. Watu wakasema "Aaa!" Dakta akaandika. Kisha kalisi. Rangi ya waridi, tone, tone, tone, mpaka ikageuka zambarau. Akaandika, akagawanya, akafuta, akagawanya tena. Nilimwona midomo ikicheza.

"Inakaribia tatu," akasema.

Akasimama, akanipa mkono mbele ya watu wote. "Nisamehe, Dada Yudithi. Haya maji hayakai chini. Yanatoka chini."

Pima mbili kwenda chini

Nahodha Bakari alilalamika kuhusu mafuta, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ule mwamba. Saidi akazama. Akaibuka haraka, akavua miwani ya kuzamia, akaitemea mate na kuifuta.

"Imechafuka, sioni vizuri," akasema, akazama tena. Akaibuka mara ya pili akipiga kelele. "Miwani ni nzima! Maji ndiyo yanacheza!"

Siwezi kuogelea, mnajua. Lakini kuna mambo ambayo huwezi kuagiza mtu akuonee. Nilivaa jaketi okozi juu ya gauni, na miwani ya Saidi na bomba lake la kupumulia, Bi Somoe akanishika mkono mmoja, Saidi mwingine, nikaingiza uso majini.

Chini kulikuwa na matumbawe pande zote, na samaki wa kila rangi, na katikati palikuwa na uwazi, kama uwanja uliofagiwa. Matumbawe hayapendi maji matamu, yamejiweka mbali. Kulikuwa na ufa kwenye mwamba, umeota mwani wa kijani, na juu ya ufa ule maji yalikuwa yanatetemeka. Ni kama mnavyoona lami ya kwenda Manyoni mchana wa jua kali, jinsi hewa inavyoyumba juu yake. Maji ndani ya maji! Yalikuwa yakipanda, mazito na mepesi yakikataa kuchanganyika, yakinijia usoni. Nilipiga kelele ndani ya bomba la kupumulia, nikameza bahari, nikainuliwa nikikohoa na kucheka, na Bi Somoe akanipiga mgongoni akisema kwa sauti niliyoisikia kwa mbali, masikio yamejaa maji, "Si niliwaambia?"

Kisiwani hadi Gairo

Boti ikaenda Kilwa kufuata dizeli, mimi nikabaki kisiwani siku tatu ambazo hazikuwa kwenye ratiba yoyote. Hapo sasa niliingia kwenye kazi yangu ninayoijua. Niliwaeleza akina mama kwamba mvua inayonyesha kisiwani inaingia kwenye chokaa, na kwa kuwa ni nyepesi, inakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Ukichimba sana unaitoboa, unafika kwenye chumvi. Kisima chao kiko karibu mno na ufuo, na kila walipokichimba chini zaidi walikuwa wanaifuata chumvi yenyewe. Lakini ufa wa baharini unatuambia maji matamu bado yapo, mengi, na njia yanayopitia. Tuichukue njia hiyo tuirudie nyuma, katikati ya kisiwa, na tuchimbe kifupi.

Tulitembea kutoka ufukweni kuelekea katikati ya kisiwa, tukachagua mahali nyuma ya mashamba ya mihogo. Wanaume kwa wanawake wakachimba. Siku ya kwanza mchanga na chokaa laini. Siku ya pili mwamba mgumu, mtaimbo ukapinda. Siku ya tatu shimo limepita kimo cha mtu na ni kavu kama sakafu ya nyumba yangu, na boti hiyo imerudi inapiga honi. Wengine walishaanza kunitazama kwa pembeni. Nilimpa Bi Somoe kile kipimo changu cha mfukoni, nikamwonyesha pa kubonyeza na namba za kuogopa, nikapanda boti bila kugeuka. Niliogopa wangeona uso wangu.

Safari ya kurudi nilikaa na daftari langu magotini. Mzee Hamisi alijaribu hadithi zote za Kondoa, akaacha. Tulilala Kibiti, tukalala Morogoro. Nilihesabu makosa: labda ufa unapinda chini kwa chini, labda niliwachosha watu bure, na msimu wa kupanda unakuja.

Tulikuwa tumeipita Gairo, jua limepanda, simu ikaita. Namba siijui.

"Mwanangu Yudithi!" Sauti ya Bi Somoe, na nyuma yake kelele kama za harusi. "Tulivunja lile jiwe jana jioni. Leo asubuhi tumekuta yamejaa mpaka kwenye mapaja!"

"Umepima?" Nilikuwa napiga kelele. Mzee Hamisi alikuwa ameshasimamisha gari kando ya barabara.

"Nimepima. Kimeandika tano, nne, sifuri."

"Hakikuandika moja peke yake pembeni?"

"Nina macho, mwanangu! Tano, nne, sifuri!"

Mia tano na arobaini. Jamani, mnajua ni visima vingapi vya wilaya zetu ningevibusu kwa namba hiyo! Nilimwomba arudie, akarudia, na vigelegele vikazidi hadi simu ikawa inakwaruza. Nilishuka garini. Sikumbuki kuanza kucheza, lakini Mzee Hamisi alikuwa anacheza pia, kofia mkononi, vumbi hadi magotini, watu wazima wawili kando ya barabara kuu. Malori yalipiga honi. Moja likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani kwa wasiwasi.

"Mama, mmekwama? Mnahitaji msaada?"

"Hapana!" nikamjibu. "Tumepata maji!"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, mashamba makavu yamenyooka mpaka milimani.

"Wapi?"

"Kilwa!" akasema Mzee Hamisi, akavaa kofia yake.